Mazungumzo ya Baba wa Jamaa: Gitaa Likilia Nyumbani



Liko swali ambalo wazazi huulizana mara nyingi baada ya Misa ya Dominika, wakisimama nje ya kanisa na kuwangojea watoto wao wa kwaya: «Mwanangu anapenda muziki mno. Je, nimwachie au nimkataze?» Mimi ni baba wa watoto watano. Si mwanamuziki, lakini napenda kazi za mikono na sauti za vyombo. Basi leo tuliangalie swali hilo polepole, kama watu waketivyo barazani jioni.

Kwanza tusiwacheke wazazi wanaoogopa. Hofu yao ina mizizi. Katika miji yetu gitaa na bia vimezoea kukaa meza moja. Kijana anayepiga vizuri huitwa arusini, kisha huitwa kwenye baa. Akirudi alfajiri, macho ni mazito na masomo yamelala. Baba aonaye hayo hapati usingizi. Ninaye jirani, mtu mwema na mwenye kusali, ambaye kwa sababu hiyo alilivunja gitaa la mwanawe. Kijana hakulia wala hakujibu. Lakini tangu siku ile huenda mtaa wa mbali kupiga gitaa la rafiki yake, na baba hajui anaimba nini wala pamoja na nani. Hapo ndipo penye jambo lote. Gitaa lilivunjika, lakini mapenzi ya muziki yalibaki mazima. Na njia ambayo baba angepitia ili kumwonya mwanawe, hiyo nayo ikavunjika.

Hofu ya namna hii ni ya zamani sana. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya kaskazini, alibatizwa huko Milano mwaka 387. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi machozi yalivyomtoka alipozisikia nyimbo za Kanisa. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, alijiuliza: je, navutwa na maneno matakatifu au na utamu wa sauti tu? Alipima pande zote mbili. Mwishowe alielekea kuikubali desturi ya kuimba kanisani, kwa sababu moyo dhaifu huinuliwa kwa njia ya masikio. Hakuikana hatari, aliona tu kwamba faida yaizidi. Mzazi apimaye hivyo, badala ya kukata shauri kwa hasira, yumo katika njia njema.

Sasa tutazame nchi yetu wenyewe. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta kijana Mwenda Jean-Bosco na gitaa lake, akairekodi sauti yake. Mwenda alizipiga nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, hata hivyo msikilizaji angeapa kwamba wako wapigaji wawili. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga, juu ya mambo ya watu wa kila siku. Mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1990, wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza kwa shida yale ambayo vidole vyake viwili vilifanya.

Na katika Katanga ile ile, mwaka 1958, vijana na walimu wa Kamina pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, waliimba Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Misa kwa Kilatini, lakini sauti na ngoma zilitoka kwa watu wenyewe, nayo iliundwa kwa kuimba pamoja. Watu fulani walishangaa kusikia ngoma ikiingia kanisani. Miaka mitano tu ikapita, na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulisema wazi kwamba muziki wa mataifa yetu upewe heshima yake, katika malezi ya dini na katika ibada. Mwaka 1988 Roma ikaithibitisha Misa kwa majimbo ya Zaire, na Wakristu wa nchi hii wanamsifu Mungu kwa ngoma na kwa mwendo wa mwili. Kumbe chombo ambacho baba mmoja anakiogopa, mwanawe aweza kukileta mbele ya altare. Hata rumba, ambayo wazee wengi waliiita muziki wa baa, iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 katika urithi wa mataifa, kwa jina la Kongo zote mbili.

Lakini turudi nyumbani, maana mtoto halelewi na Mtaguso peke yake.

Kazi yangu ya kujifurahisha, Jumamosi baada ya mchana, ni kuunda likembe. Wanangu hunizunguka. Kazi yenyewe si ya gharama: kisanduku cha mbao nyepesi chenye tundu, na vijiti vya chuma, kama vile misumari au spoki za baiskeli, vilivyopondwa kwa nyundo mpaka viwe bapa. Vijiti hubanwa juu ya daraja dogo kwa chuma kingine. Hapo ndipo fundisho linapoanza. Ukikivuta kijiti mbele kikawa kirefu, sauti hushuka; ukikisukuma nyuma kikawa kifupi, sauti hupanda. Mwanangu wa tatu, asiyependa hesabu hata kidogo, aliielewa sheria hii kwa masikio yake kabla ya mwalimu kumwandikia vipimo ubaoni. Tukizungusha pete ndogo ya waya kwenye kila kijiti, likembe huvuma kama nyuki. Mdogo wao hudai kwamba mvumo huo ndio muziki wenyewe, na mengine ni kelele.

Mkubwa wetu ana gitaa. Alianza na lile la watoto wa mtaani, la kopo la mafuta na nyuzi za breki ya baiskeli; alipomaliza mwaka wa shule bila kushindwa, tukampa la kweli. Pamoja na gitaa tulimpa sheria tatu, nami naziandika hapa kwa wazazi watakao kuzipima. Ya kwanza: masomo kwanza, nyuzi baadaye. Ya pili: wimbo usioweza kuuimba mbele ya mama yako, usiuimbe mahali popote. Ya tatu: kila Dominika jioni utatupigia, nasi tutaimba, hata tukiimba vibaya.

Sheria ya pili ina nguvu kuliko mahubiri yangu yote. Mama yao ana masikio makali. Siku moja kijana alileta wimbo mzuri sana wa kucheza, mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole: «Huyo msichana wa wimbo wako, angekuwa dada yako, ungeuimba hivyo?» Kijana akanyamaza. Kesho yake sauti ilikuwa ile ile, lakini maneno yalikuwa mengine, aliyoyatunga mwenyewe. Dada yake akamsahihisha mstari mmoja. Tangu hapo naye anajifunza kupiga, maana hakuna amri ya Mungu isemayo kwamba gitaa ni la wavulana.

Nisikilizeni na ninyi vijana. Leo simu moja ndogo yaweza kubeba nyimbo nyingi kuliko zilizohifadhiwa zamani katika duka zima la sahani. Neema hiyo siikatai. Kwa simu mwanangu amemsikia Mwenda, ambaye hakumkuta duniani. Lakini naona jambo moja linalonisikitisha: watu watano katika chumba kimoja, kila mmoja na vijidude masikioni, kila mmoja na wimbo wake, na nyumba kimya. Wamejaa muziki, wala hawajaimba pamoja hata neno moja. Anayesikiliza tu hupokea. Anayeimba na wenzake lazima awangojee, ashushe sauti ya mwingine isikike, arudie kosa bila kununa. Hayo ndiyo tunayoyahitaji pia katika ndoa, katika kazi na katika parokia.

Wazazi wenzangu, najua wako waliolea kwa uangalifu wote, na mtoto hata hivyo akaenda njia ya baa. Gitaa la nyumbani si dawa ya kila ugonjwa. Lakini Maandiko yanatuambia kwamba Sauli aliposumbuliwa, Daudi kijana alipiga kinubi chake karibu naye, na mfalme akapata nafuu. Tuangalie mahali alipokaa Daudi: alikuwa ndani ya nyumba, karibu na yule aliyemhitaji. Kijana apigaye karibu na baba yake husikiwa. Akisikiwa, aweza kusifiwa. Na aliyezoea kusifiwa nyumbani huvumilia pia kuonywa.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Siku hiyo jioni, mama akiisha kuondoa vyombo vya chakula, mwambie mwanao alete gitaa, au likembe, au ngoma, au kopo lake. Keti karibu, zima simu, usikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Kisha mwombe akufundishe kiitikio.