Darizi Haibandikwi kwa Gundi

Miongoni mwa madhila yanayowafika watu wa sindano, silioni lililo zito kuliko hili: mtu aketi jioni baada ya jioni, miezi sita, akihesabu vitundu vya kitambaa na kupitisha uzi kwa mshono wa msalaba, kisha kazi ile ipelekwe kwa fundi wa fremu, naye aipake gundi na kuibandika juu ya kadibodi. Kitambaa alichonidarizia marehemu mama yangu kilifanywa hivyo, na haukupita muda mrefu gundi ikajitokeza usoni kwa rangi ya kutu.

Sikanushi ustadi wa mafundi katika mbao na kioo. Lakini darizi ni nguo, nayo nguo hunywa unyevu, hulegea, na iko siku itahitaji kuvuliwa na kufuliwa. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mwenye kudarizi aitie fremu kazi yake mwenyewe, nyumbani. Aifue kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kwani mafuta ya vidole, yasiyoonekana leo, huigeuza nguo manjano baadaye. Na aipige pasi uso ukilala juu ya taulo, mishono isibapike. Tangu mwanzo awe ameacha inchi 3 kila upande: mishono 140 kwa 98, juu ya kitambaa cha Aida chenye vitundu 14 kwa inchi, hutoa kazi ya inchi 10 kwa 7, basi kitambaa kikatwe 16 kwa 13.

Kadibodi na iwe isiyo na asidi, maana ile ya kawaida huacha madoa. Kitambaa hushikizwa kwa pini ukingoni mwake, kuanzia katikati kwenda pembeni, jicho likifuata safu moja ya vitundu ili kazi isiende mrama. Halafu kwa uzi madhubuti pindo la juu huvutwa nyuma likafungamanishwa na la chini, na la kulia na la kushoto, mithili ya kitanda kinavyowambwa kwa kamba. Kioo kisiiguse nguo kabisa, hasa kwetu pwani, ambako jasho la kioo huzaa ukungu. Ukanda mwembamba wa kadibodi hiyo hiyo watosha kuvitenga.

Katika Victoria and Albert Museum, London, imo darizi ya Jane Bostocke ya mwaka 1598, hariri juu ya kitani, yenye kutaja kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee mwaka 1596. Umri wa karne nne, basi, si muhali kwa uzi na kitambaa, na aghalabu ni sisi tunaoukatiza.

Kitambaa cha mama nilikibandua kwa taabu, nikakiwamba upya, nikakitundika ukumbini pasipofika jua la alasiri. Doa lingalipo, juu ya herufi ya mwisho ya jina langu.