UHURU SI BAKSHISHI



Sisi wa Hai Malakal tunakaa karibu na Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa katika karne ya 19. Basi riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Peponi, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022, inatuhusu, ingawa ni ya pwani ya Tanganyika.

Humo vijana Khalil na Yusuf wamewekwa rehani kwa madeni ya baba zao. Mkubwa anamlea mdogo dukani kama ndugu yake. Mzee Hamdani, mtumwa mtunza bustani, anatunukiwa uhuru na bibi yake. Anaukataa, kwani haukuwa mali ya bibi kuugawa, na anaendelea na maua yake. Wengine husema huo ni unyonge. Sikubali! Juzi mwenzetu mmoja alimshukuru tajiri kwa kumlipa mshahara wake wa mwezi.