Mstari wa Maji Kule Kalemie

Ziwa Tanganyika lina mwendo wake wa kila mwaka. Mvua zikikaribia kwisha, mwezi wa Mei, maji hufika kimo chake cha juu. Kisha hushuka polepole hadi mwezi wa Novemba. Katika miezi hiyo ya kushuka, pwani ya Kalemie hupanuka. Mchanga hukauka, nyasi huota, na mahali palipopitiwa na mtumbwi mwezi wa Aprili panapitika kwa miguu. Hapo ndipo parseli zinapouzika. Muuzaji hasemi uongo akisema kwamba kiwanja ni kikavu, na mnunuzi anajionea kwa macho yake mwenyewe. Ardhini hakuna jiwe wala nguzo ya kumwambia maji yatarudi mpaka wapi.

Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda kupita kawaida, hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Bujumbura, Uvira na Kalemie zilipatwa na msiba mmoja. Nyumba zilisimama ndani ya maji, barabara zikakatika, watu wakahamia kwa ndugu au kwenye mahema. Mara baada ya hapo tulisikia lile neno tunalolisikia kila mara: wananchi wanajenga ovyo. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wa nusu. Mtu anayejenga ovyo kabisa, asiye na karatasi ya ofisi yoyote, yupo. Yupo pia aliyepimiwa na mpimaji, aliyelipa ada zote, aliyepewa namba na stakabadhi, na ambaye leo kiwanja chake kiko ziwani pamoja na namba yake. Kumwita huyu mkaidi ni kumdhulumu mara ya pili.

Tuseme kwanza kwamba ziwa halikufanya jambo geni. Verney Lovett Cameron alipofika kwenye mdomo wa mto Lukuga mwaka 1874, na Stanley aliyemfuata mwaka 1876, waliukuta mto huo umezibwa na matope na mafunjo, nalo ziwa likipanda mwaka hata mwaka kwa kukosa njia ya kutokea. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika. Edward Hore alipofika mwaka 1879 alikuta maji yakienda kwa nguvu kuelekea Lualaba. Hadi mwisho wa karne ile ziwa lilikuwa limeshuka kwa kadiri ya mita 10. Maana yake ni kwamba ardhi iliyo chini ya kimo kile cha zamani, ambayo sisi tunaiita pwani, ilikuwa ziwa wakati wa mababu wa babu zetu. Na mlango wa kutolea maji ya ziwa zima, linaloshirikiwa na nchi 4, ni huo huo Lukuga unaopita hapo Kalemie. Mji mdogo umepewa ulinzi wa mlango mkubwa.

Tena ni mji uliobanwa. Upande mmoja ni vilima, upande mwingine ni maji. Enzi ya Albertville, reli na bandari zilichukua sehemu kubwa ya ule ukanda mwembamba ulio katikati. Mwaka 2015 Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, wakaja watumishi wa serikali na mashirika, kila mmoja akitafuta mahali pa kukaa. Mwaka 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yalileta maelfu ya wakimbizi wa ndani. Watu wote hao walipaswa kulala mahali fulani. Mwenye fedha alipanda kilimani au alikodi nyumba ya zamani. Asiye nazo aliteremka kwenye mchanga.

Je, halmashauri ya komuni inaweza nini mbele ya hayo? Wengi wetu hatujui, na ningethubutu kusema kwamba baadhi ya madiwani nao hawajui vizuri. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Leta peke yake. Raia hupewa haki ya kuitumia, nayo huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Cheti hicho hakitolewi na komuni. Kinatolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, mtumishi wa serikali kuu, asiyewajibika kwa diwani hata mmoja. Pembezoni mwa mji wanauza pia wakuu wa kimila, kwa kuwa ile amri ya Rais iliyotazamiwa na sheria hiyo ili kupanga haki za kimila haikutoka kwa miongo mingi. Hivyo komuni inaletewa wakazi na viwanja ambavyo yenyewe haikugawa, kisha inatakiwa kuwachimbia mifereji. Hiyo mifereji, pamoja na barabara na masoko, ndiyo kazi ambayo sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeiachia.

Lakini tangu uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, komuni za miji mikuu ya majimbo zina madiwani waliopigiwa kura na watu wa mitaa yao. Jambo hilo si dogo. Kabla yake hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Meya na bugumestri waliteuliwa kutoka Kinshasa, nao walijua wa kumpendeza. Diwani hawezi kutoa cheti wala kukifuta. Anaweza kuuliza hadharani, na kuandika katika kumbukumbu za kikao, swali ambalo ofisi ya ardhi haipendi kuulizwa: mstari wa maji uko wapi?

Maana sheria yenyewe inaujua mstari huo. Kitanda cha kila ziwa na cha kila mto ni mali ya umma, na tangu enzi ya ukoloni kipimo chake ni mahali maji yafikapo katika mafuriko ya kawaida, bila kuhesabu gharika zisizo za kawaida. Ugumu wote umo katika neno hilo “kawaida”. Yaliyotokea mwaka 2021 na kurudi mwaka 2024, ni ya kawaida au si ya kawaida? Ofisi ikisema si ya kawaida, parseli za mchangani ni halali na zitaendelea kuuzwa. Ikisema ni ya kawaida, basi ilikuwa ikigawa mali ya umma. Ndiyo sababu inanyamaza. Na katika kunyamaza kwake, hasara yote inabaki kwa mjenzi.

Kwa maoni yangu mstari uwekwe pale maji yalipofika mwaka 2024. Kuurudisha kwenye kimo cha karne ya 19 kungekuwa mchezo, kwani ni sehemu nyingi mno za mji ambazo zingepaswa kuondoka. Kuuacha kwenye mchanga wa Novemba ni kuuza maji. Alama za mwaka 2024 bado ziko kwenye kuta, wazee wa kila avenyu wanaweza kuzionyesha, na nguzo za saruji zenye rangi hazihitaji bajeti ambayo komuni haina. Nasema hivyo nikijua kwamba ile sehemu ya mapato ya taifa ambayo Katiba inaahidi majimbo, na kupitia kwao komuni, haiji kama ilivyoandikwa.

Hapo patakuwa na kilio. Siku nguzo itakaposimama, kiwanja kilicho upande wa ziwa kitapoteza bei yake, na mwenye kiwanja ni mpiga kura. Diwani atakayeunga mkono nguzo hizo anaweza kuondolewa nazo. Kwa hiyo azimio la nguzo liambatane na la pili, tena lililo gumu zaidi: aliyenunua kwa nia njema, mwenye karatasi ya ofisi ya serikali, asibomolewe kabla ya kuonyeshwa kiwanja kingine, na jina la aliyetia saini karatasi ile liandikwe kando ya jina lake katika orodha. Bila azimio hilo, nguzo zitakuwa kisingizio cha kuwafukuza maskini, na baada ya miaka miwili tutaona kuta za hoteli zikipanda palepale. Parokia na mashirika yetu yanayonunua viwanja vya shule na zahanati nayo yaingie katika orodha hiyo bila upendeleo.

Kuna watakaosema tungoje kazi ya kusafisha Lukuga, ambayo nchi za ziwa zimeizungumza mara nyingi. Isafishwe, naam. Lakini kazi hiyo inategemea miji mikuu minne, na nguzo zinategemea kikao kimoja cha komuni. Kikifanyika mwezi wa Juni, kabla mchanga haujakauka, wauzaji wa mwezi wa Agosti watazikuta zimesimama.