Kabla ya kuchimba gesi, maji yapimwe

Tarehe 1 Januari 2009, kisima cha maji cha familia moja kililipuka huko Dimock, kijiji cha wakulima katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Hakuna aliyetega bomu. Gesi ya metani ilikuwa imepenya ardhini hadi kwenye kisima, ikajaa, kisha ikashika moto. Majirani nao walilalamika kwamba maji yao yanatoa mapovu na kubadilika rangi. Karibu nao, kampuni ya Cabot Oil & Gas ilikuwa inachimba gesi kwa njia ya kupasua miamba.

Katika njia hiyo, ardhi inatobolewa zaidi ya kilomita moja kwenda chini, kisha tundu linapinda na kufuata mwamba. Maji yenye mchanga na kemikali yanasukumwa kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unapasuka na gesi inatoka. Kwa hesabu za EPA, idara ya mazingira ya Marekani, kisima cha kawaida kilitumia karibu lita milioni 5,7 za maji kati ya mwaka 2011 na 2013.

Watetezi wa kazi hii hawachoki kusema kwamba mwamba unaopasuliwa uko chini sana, na maji wanayokunywa watu yako juu. Ni kweli, lakini nusu tu. Ili kufika chini, kisima cha gesi lazima kipite katikati ya maji hayo. Pale kinachotenganisha gesi na maji ni bomba la chuma na saruji iliyomiminwa kulizunguka. Saruji ikiwa mbovu, gesi inapanda pembeni mwa bomba. Wakaguzi wa Pennsylvania walisema visima vibovu ndivyo vilivyoharibu maji ya Dimock, na mwaka 2010 waliamuru baadhi yake vizibwe. EPA nayo, katika ripoti yake ya Desemba 2016, ilitaja visima visivyo imara, kemikali zinazomwagika juu ya ardhi, na maji machafu yanayotupwa kwenye mashimo yasiyozuia kuvuja.

Kampuni ilijibu kwamba metani ilikuwemo katika maji ya Dimock tangu zamani. Jibu hilo si uongo mtupu: katika sehemu ile gesi hupatikana kwa asili katika visima vingi. Hapo ndipo wakaaji walipokwama. Familia ambayo maji yake hayakupimwa kabla mashine hazijafika itaonyesha nini mbele ya jaji? Mwaka 2016 jopo la raia mahakamani liliamua familia mbili zilipwe zaidi ya dola milioni 4. Mwaka uliofuata jaji akaufuta uamuzi huo. Ni Novemba 2022 ndipo kampuni, wakati huo ikiitwa Coterra, iliacha kupinga shtaka la kuchafua maji na kukubali kulipa dola milioni 16,29 ili bomba la maji safi lijengwe. Karibu miaka 14 ilikuwa imepita tangu mlipuko, na baadhi ya nyumba zilikuwa zimeishi kwa maji ya kuletwa na gari.

Katikati ya vurugu hizo, mwaka 2012, Pennsylvania ilifanya jambo la maana. Sheria mpya ilisema kwamba maji yakiharibika ndani ya mita 760 hivi kutoka kisima cha gesi cha aina hii, na ndani ya miezi 12, kampuni inahesabiwa kuwa ndiyo iliyosababisha mpaka ionyeshe kinyume. Moja ya njia zake za kujitetea ni kuonyesha vipimo vya maji vilivyofanywa kabla. Kwa hiyo kampuni yenyewe ina sababu ya kukimbilia kupima.

Sheria ya namna hiyo inaihusu DRC. Kweli, gesi ya Ziwa Kivu haihitaji kupasua mwamba. Imeyeyuka katika maji ya kilindi na huvutwa juu kwa bomba. Lakini serikali ilitangaza vitalu 27 vya mafuta mwezi wa Julai 2022, ikafuta zabuni hiyo Oktoba 2024, na mwaka 2025 ikarudi na vitalu 52. Kisima cha mafuta nacho hupita katikati ya maji ya ardhini, na kinga yake ni chuma na saruji ileile. Huko Muanda, ambako mafuta yanachimbwa tangu miaka ya 1970, malalamiko kuhusu uchafuzi yamefikishwa hadi mahakama ya Paris.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi. Ni vizuri, ila uchunguzi unaolipwa na kampuni na kulala ofisini Kinshasa hautamsaidia mama anayechota maji kwenye chemchemi ya kijiji. Kila mkataba wa kitalu useme wazi: chemchemi na visima vyote vya jirani vipimwe kabla ya mtambo wa kwanza kufika, na maabara isiyo ya kampuni, metani, chumvi na mafuta viwe kwenye orodha, matokeo yasomwe mbele ya wakaaji, kwa lugha yao, na nakala ibaki kwa chifu. Maji yakibadilika baadaye, kampuni ndiyo itoe maelezo kwanza.