Walimu, tusihesabu tu vikombe vilivyovunjika

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii hutajwa kila mara wanafunzi wanapogoma au wanapoteketeza bweni, na wengi wa wanaoitaja huwa na dawa moja tu, nayo ni kiboko. Mwaka wa 2021 hata Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, aliunga mkono hadharani kurejeshwa kwa kiboko shuleni, ilhali kilikuwa kimepigwa marufuku tangu mwaka wa 2001. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi walimu tunaoitumia hekima yao kufunika uvivu wetu wa kuuliza.

Nasema "sisi" kwa kuwa nami nimo. Katika miaka ya tisini, kabla ya marufuku hayo, nilikuwa nikifunza Kiswahili katika shule moja ya msingi. Siku moja nilimwita mbele mvulana wa Darasa la Saba aghani shairi. Nilimchagua kwa sababu mwaka uliotangulia ndiye aliyetuwakilisha katika tamasha za muziki. Alisimama, akalishika karatasi, akanyamaza. Nilimwamuru mara ya pili na ya tatu. Wenzake wakaanza kucheka, nami nikaona kuwa huo ni ujeuri. Nilimchapa viboko vinne.

Wiki mbili baadaye mamake alinieleza kuwa hata nyumbani mtoto huyo alikuwa ameacha kuzungumza mezani. Sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika, ikipanda na kushuka kama redio inayotafuta stesheni, na dada zake walikuwa wakimcheka. Kumbe nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kubaleghe! Sikumwomba radhi, kwani enzi hizo mwalimu hakumwomba mtoto radhi. Hakughani tena shairi lolote hadi alipoondoka shuleni.

Ndugu msomaji, hebu tuutazame umri huu kwa makini. Kwa kawaida wasichana huanza kubaleghe wakiwa kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Maana yake ni kwamba katika Gredi ya Sita mwalimu anaweza kuwa na msichana mwenye umbo la mtu mzima ameketi karibu na mvulana ambaye bado ni mtoto kabisa, ilhali wamezaliwa mwaka mmoja. Yule wa kwanza hutarajiwa kuwa na akili ya mtu mzima kwa sababu ya kimo chake, naye wa pili hudharauliwa kwa sababu ya udogo wake. Wote wawili huonewa. Sheria yetu ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili serikali iwape wasichana waliobaleghe sodo bila malipo. Hilo ni jambo la busara, lakini hakuna sheria inayoweza kumfanya mwalimu atambue ni kwa nini msichana amekataa kusimama kujibu swali.

Mwili haubadiliki peke yake. Dhamiri nayo hukua. Mnamo mwaka wa 1932, mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wanavyopima mema na mabaya. Aliwasimulia watoto visa viwili. Katika kisa cha kwanza, mtoto anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake pana sinia, na vikombe 15 vinavunjika. Katika cha pili, mtoto anavunja kikombe kimoja akijaribu kuiba jamu kabatini. Ni yupi aliyekosa zaidi? Watoto wadogo mara nyingi walimtaja yule wa vikombe 15. Wale waliokaribia miaka kumi au kuipita walizidi kumtaja mwizi wa jamu, kwa kuwa walikuwa wameanza kupima nia.

Sasa tuzitazame shule zetu. Mwanafunzi aliyechelewa kwa kuwa alimpeleka ndugu yake zahanati na yule aliyechelewa kwa kuzurura sokoni hupiga magoti pamoja langoni. Dirisha likivunjwa na mmoja, darasa zima hufyeka nyasi. Tunahesabu vikombe tu! Mtoto wa miaka 12 aliyeanza kupima nia anapomwona mtu mzima akihukumu kama mtoto wa miaka sita, atajifunza nini? Atajifunza kwamba haki shuleni ni nguvu, na siku atakapopata nguvu, ataitumia vivyo hivyo.

Fauka ya hayo, huu ndio umri ambao macho ya wenzake huwa mazito kuliko maneno ya mzazi. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2005, vijana wa miaka 13 hadi 16 walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walijitia hatarini zaidi walipotazamwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao, ilhali kwa watu wazima tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno. Kwa hivyo, mwalimu anayemkaripia kijana mbele ya darasa anamlazimisha achague kati ya kumtii na kulinda heshima yake mbele ya rika lake. Mara nyingi kijana atachagua rika, nasi tutasema ametushinda.

Yamkini mtu atauliza, "Je, wakosaji waachwe?" La, hasha. Hakuna anayeweza kuwasahau wavulana 67 walioangamia Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001, bweni lao lilipotiwa moto. Uovu una malipo yake, na mtoto anapaswa kulijua hilo mapema. Ninalopinga ni adhabu inayotangulia swali. Mwache asimulie, mkiwa wawili, mbali na macho ya wenzake. Ukishasikia, hukumu. Hutakuwa umempoteza hata ukimwadhibu.

Nionavyo mimi, mambo mawili yanawezekana hata bila fedha za wizara. Kwanza, kanuni za darasa zitungwe pamoja na wanafunzi. Piaget huyo huyo aliwatazama watoto wakicheza gololi, akaona kuwa wakubwa wao huziheshimu sheria walizokubaliana kuliko zile walizoteremshiwa. Pili, mwalimu wa ushauri na uelekezaji apunguziwe vipindi. Katika shule nyingi kazi hiyo ni jina tu, kwani mwenyewe hana hata saa moja ya kuketi na mtoto. Jambo hili lina uzito zaidi sasa ambapo wanafunzi wa Sekondari ya Msingi, waliobaleghe na wanaobaleghe, wanasomea katika uwanja mmoja na watoto wadogo wa chekechea.

Nanyi wanafunzi, msije mkayageuza maneno haya kuwa ngao. Aliyevunja vikombe 15 bila kukusudia hana hatia ya mwizi, lakini ni lazima achukue ufagio aviondoe vigae, na aseme, "Samahani." Nia njema isiyosemwa haijulikani.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulisema neno hilo. Mvulana yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tulikutana mwaka juzi, nikamtajia shairi lile, nikamwomba radhi. Alicheka, kisha akanyamaza kitambo, akaniambia, "Mwalimu, bado nalikumbuka lote."