Gari Letu: Land Cruiser mupya, mwezi wa kwanza

Wengi munauliza: ile gari mupya ya wagonjwa hapa Mantapala iko namna gani? Nguvu iko. Ni Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa 1984, mashini ya mazuti. Ila shofere ashuke kwanza, afunge magurudumu ya mbele kwa mukono, mbele ya kuingia matope. Akichelewa, atapiga magoti ndani yake!

Shida ni springi za nyuma, za kubeba muzigo muzito. Ikibeba mugonjwa mumoja tu, inarukaruka. Basi bamama wenye mimba, musingoje uchungu uwe mukali. Mukiita mapema, shofere atakwenda polepole mupaka hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Na mulete godoro. Lile la ndani ni jembamba sana.