COUNTROWS Haijakosea

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai Power BI haijui kuhesabu, kwa sababu jedwali lake la mikoa lilionyesha idadi ya Tanga kwenye kila mstari, hata wa Mbeya. Programu ilitii tu fomula yake, yaani COUNTROWS ndani ya CALCULATE. Sharti la Mkoa = "Tanga" ndani ya CALCULATE haliongezwi juu ya kichujio kilichopo kwenye safu wima hiyo; linakiondoa na kukaa mahali pake. Angelizungushia KEEPFILTERS, vichujio vyote viwili vingefanya kazi pamoja na mstari wa Mbeya ungebaki mtupu, kama inavyostahili. Na hiyo ALL anayoipendekeza kama dawa? Tayari imo kwenye fomula yake: sharti fupi namna ile husomwa kama FILTER juu ya ALL ya safu wima hiyohiyo.